Kuanguka kwa Jitu la Karakana

Saa nne asubuhi Inspekta alipanda ngazi za nje, juu ya duka la miwani, akiwa na karatasi mbili kwenye mkoba. Moja ilikuwa amri ya kuondoa filamu mtandaoni kabla ya saa kumi alasiri. Nyingine ilikuwa na jina la mtu aliyetajwa kuwa mwizi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mfupi, mwenye kutembea polepole na kutazama sana, na wenzake kazini walikuwa wakisema ukimtuma kutafuta sindano atarudi na sindano, uzi na fundi aliyeviangusha.

"Hodi."

"Karibu, lakini usifunge mlango kwa nguvu. Vumbi likiruka, kanda zinalia."

Aliyejibu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, miwani moja machoni na nyingine kichwani, glavu nyeupe za pamba mikononi. Mtaa mzima ulimwita Mama Kanda. Zamani alikuwa akiazimisha kanda za video; duka lake lilipokufa hakutupa hata moja. Chumba kilijaa rafu mpaka darini. Mezani palikuwa na deki sita zilizofunguliwa matumbo, kompyuta mbili, chupa ya spiriti na kikombe cha vijiti vya pamba. Hapo ndipo aliponakili filamu ambazo hakuna mwingine aliyezitaka, kisha akaziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ili mtu yeyote azitazame bure.

"Shikamoo, mama. Natoka polisi, idara ya upelelezi."

"Marahaba. Nimekungoja tangu juzi. Keti. Si hapo, hicho kiti kimebeba vichekesho."

Inspekta alihamia kiti kingine. "Tarehe mbili ya mwezi huu ulipandisha filamu inaitwa Jitu la Karakana."

"Nilipandisha."

"Mtayarishaji wake amelalamika. Anasema imetokana na wizi. Isipoondolewa leo, mitambo yako yote inachukuliwa."

"Bosi Kaseti." Mama Kanda alivua glavu moja, kidole baada ya kidole. "Mwanamume aliyetengeneza filamu arobaini na hakuwahi kununua taa ya pili."

"Ni filamu ya namna gani?"

"Mbovu," Mama Kanda alisema kwa fahari. "Jitu limeshonwa kwa magunia na mipira ya ndani ya matairi. Zipu inaonekana mgongoni. Mafundi gari wanalikimbia kwa mwendo wa kwenda sokoni, na sauti inafika midomo ikiwa imeshafungwa. Watu wanaipenda hiyo filamu kufa. Ilionyeshwa mwezi mmoja tu, miaka ishirini na tisa iliyopita, halafu Bosi Kaseti akazikusanya nakala zote akatoa nyingine iliyokatwa. Tangu hapo watu wamekuwa wakisimuliana tu. Vijana wameyajua maneno yake kwa kinywa cha wajomba zao. Nilipoipandisha, watu elfu sitini waliitazama kwa wiki moja."

"Kama ni mbovu, ya nini kuihifadhi?"

"Nzuri zina wenyewe. Zina majumba na vyumba vya baridi. Mbovu zina mimi."

Inspekta hakucheka, lakini aliandika. "Kanda alikuletea nani?"

"Hilo halisemwi hapa."

"Naweza kukuweka ndani kwa kuzuia upelelezi."

"Mswaki wangu uko kwenye mkoba tangu juzi, mwanangu. Twende. Ila nikuambie mapema ili usije ukajiona umedanganywa: ukizima mitambo hii, wenzangu watano katika nchi tano wana nakala ile ile. Mimi mwenyewe siwezi kuwaamuru waifute. Ndiyo maana tuliwatafuta watano, wote vichwa vigumu kuliko mimi."

Inspekta alirudisha kalamu mfukoni. Kumtisha mtu aliyekwisha kufunga mswaki kungekuwa kupoteza asubuhi. "Basi nionyeshe kanda yenyewe. Kanda haina ahadi ya kutosema."

Mama Kanda alifikiri, kisha akaitoa kwenye rafu. Ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa kizito uliotengenezwa kwa kipimo chake hasa. Inspekta aliugeuza mfuko nje ndani, akausogeza dirishani. Mishono miwili sambamba, nyuzi nyeusi, na kila baada ya inchi mbili mshono ulirudi nyuma hatua moja kabla ya kuendelea. Aliupiga picha.

Kisha akatoa kwenye mkoba kanda nyingine, iliyofungwa lakiri. Bosi Kaseti aliikabidhi kituoni kama kielelezo. Katika kiapo chake alisema ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani, na kwamba mhariri wake wa zamani, mtu mwenye kinyongo, aliingia ghalani, akainakili na kuirudisha.

"Icheze hii. Naomba urefu wake tu."

Deki ilimeza kanda. Mama Kanda aliipeleka mbele, macho kwenye saa ya mashine. Karibu na mwisho, fundi gari mmoja alitazama nje ya picha, akasema "Limekufa," majina yakaanza kupanda.

"Dakika themanini na nne," Mama Kanda alisema.

"Na yako?"

"Tisini na mbili. Mwishoni Jitu linapanda paa la karakana, linapigana na mafundi watatu, linaanguka. Ndiyo sini inayopendwa kuliko zote."

Inspekta aliziweka kanda mbili bega kwa bega. "Mtoto hazaliwi mkubwa kuliko mama yake. Yenye dakika tisini na mbili haikunakiliwa kutoka kwenye hii ya themanini na nne."

"Basi hakuna wizi."

"Hakuna wizi wa hii. Nataka kujua kwa nini mtu anaapa uongo kwa ajili ya dakika nane za filamu mbovu." Alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Na hapa? Unasema dakika tisini na mbili, lakini faili linaandika saa mbili kamili."

"Kanda ni ya saa mbili. Huwa tunanakili mpaka utepe uishe, hata kama ni chenga tupu bila picha. Mtu akikuachia mzigo, huufungui ukaanza kutupa unachoona wewe ni takataka."

"Umezitazama hizo chenga?"

"Nani anatazama chenga? Niliacha mashine ikizunguka, nikaenda kusafisha nyingine."

*

Mhariri wa zamani aliitwa Mkasi. Siku hizi alikuwa akitengeneza simu ndani ya kibanda cha kioo, kwenye korido ya jengo la maduka. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu. Aliposikia jina la Bosi Kaseti aliendelea kukaza skurubu.

"Anasema nimeiba?"

"Ameapa."

"Alinifukuza miaka ishirini na minane iliyopita. Ningekuwa mwizi mwenye subira ya ajabu." Alipuliza vumbi kwenye simu. "Ghala lake silijui hata lilipo."

"Nani alizikata zile dakika nane?"

"Mimi. Aliniamuru. Filamu ilikuwa imeshatoka, watu wanaipigia makofi sini ya kuanguka, yeye anakuja asubuhi moja jasho linamtoka, ananiambia toa paa lote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema zipu inaonekana." Mkasi alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Afande, zipu inaonekana filamu nzima."

Inspekta alimwonyesha picha ya mfuko wa kitambaa. Mkasi aliikuza kwa vidole viwili.

"Huu ni mshono wa Jitu. Nilikaa miezi miwili nikitazama mgongo wa Jitu, naujua kuliko mgongo wangu. Nguo ile aliishona dada yake Springi."

"Springi ni nani?"

"Aliyekuwa ndani. Tulimwita hivyo kwa sababu ukimwangusha anarudi juu. Kijana wa watu, mcheshi. Alikufa kabla filamu haijatoka. Tuliambiwa Bosi alimfukuza Ijumaa, halafu Jumapili usiku akarudi karakana kuiba nyaya za umeme, akaanguka. Mimi kwenye kupiga picha sikuwepo, nilikuwa napokea kanda tu. Baada ya msiba dada yake alikuja kuniomba nakala, apate kumwona nduguye. Kanda mpya hazikuwepo, Bosi alizifungia kabatini kama sukari. Nikachukua iliyokwisha tumika kwenye boksi la chini, nikairekodia filamu juu yake."

"Ilikuwa imetumika kwa nini?"

"Picha mbichi za kamera. Tulikuwa na kamera ya begani iliyokula kanda hizi hizi za kawaida. Kwangu zililetwa sini zilizokwisha chaguliwa tu; mbichi sikuziangalia."

"Filamu dakika tisini na mbili. Kanda saa mbili. Dakika ishirini na nane za mwisho zikawaje?"

Mkasi aliweka bisibisi chini taratibu.

"Hizo sikuzigusa," alisema. "Zilibaki kama zilivyokuwa."

Akiwa bado kwenye korido, Inspekta alimpigia karani wa masijala na kumtajia mwaka. Karani alilalamika juu ya vumbi na mgongo wake, kisha baada ya nusu saa akampigia na kumsomea jalada. Lilikuwa na kurasa mbili. Mwanamume wa miaka ishirini na sita alikutwa amekufa uani mwa karakana saa tano usiku wa Jumapili, amevaa shati na suruali yake, kipande cha waya kando yake. Shahidi alikuwa mmoja, mwajiri wake wa zamani, aliyesema kwamba alimfukuza Ijumaa na kwamba Jumapili nzima hakuna aliyepiga picha yoyote. Sababu ya kifo: kuanguka wakati wa kuiba. Jalada lilifungwa Jumanne.

"Siku mbili tu," karani alisema. "Hata kuku aliyeibwa huwa anafika wiki."

*

Dada yake Springi alikuwa na chumba cha ushonaji chenye vyerehani vitatu, kitambaa cha sare za wauguzi kikiwa kimekunjwa mpaka kiunoni mwake. Alikuwa na miaka hamsini na nane na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Inspekta alipotoa kitambulisho, yeye alikata uzi kwa meno na kuvuta kiti.

"Kanda niliipeleka mimi. Kama ni hilo, nipige pingu, ila uniache nimalize mkono huu. Sare hizi zinachukuliwa kesho."

"Sijaja kukukamata, dada. Kwa nini uliipeleka?"

"Ukungu. Nilifungua mfuko nikakuta doa jeupe kwenye utepe. Nikasema mdogo wangu ameshaoza mara moja, haozi mara ya pili. Nikasikia kuna mama anaosha kanda."

"Uliwahi kuitazama?"

"Mara moja, kwa jirani, mwaka ule ule. Deki sikuwahi kuwa nayo. Nilimwona anavyotembea ndani ya lile gunia, nikaizima majina yalipoanza. Ilinitosha." Alinyoosha kitambaa. "Walitufanya tumzike kama mwizi, afande. Watu wa msibani walihesabika. Mtoto wake alikuwa na miaka minne; alipoanza shule wenzake wakamwita Mwana wa Nyaya. Ameondoka hapa mjini kwa ajili ya jina hilo. Mimi shangazi yake nikaambiwa nihame, nikasema cherehani hiki kimefungwa na nati nne sakafuni, na mimi ni ya tano."

"Siku ile ya Jumapili aliondoka nyumbani saa ngapi?"

"Asubuhi, saa mbili. Alisema imebaki sini moja."

"Aliondoka kwenda kazini? Jalada linasema alifukuzwa Ijumaa."

"Mtu aliyefukuzwa angenitoa kitandani alfajiri nimshonee kiganja?" Alisimamisha cherehani. "Glavu ya kushoto ya Jitu ilichanika Jumamosi. Gunia jeusi lilikuwa limeniishia, nikamtilia kiganja cha pazia la jikoni. Kijani. Akacheka, akasema Jitu limeota ukoka. Akaivaa, akanipungia mlangoni. Ndiyo mara ya mwisho."

Inspekta aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Kiganja cha kijani kilishonwa Jumapili asubuhi. Una hakika?"

"Pazia lenyewe bado ninalo. Limepungua kiganja kimoja."

Walitoka pamoja. Pazia lilikuwa ndani ya bahasha ya vielelezo, na mkono wa sare ukabaki na pini.

*

Saa nane na nusu wanawake watatu walikuwa wameketi mbele ya kompyuta ya Mama Kanda. Mama Kanda na dada yake Springi walisalimiana kwa kichwa tu, kama watu waliotunziana siri.

"Anzia kwenye paa," Inspekta alisema.

Jitu lilipanda. Lilipigana na mafundi watatu waliorusha ngumi mbali na shabaha. Lilirudi nyuma hatua moja, mbili, likakosa ukingo, likaanguka. Picha ilidumu ardhini kwa pumzi mbili. Chini ya picha kulikuwa na maoni ya watazamaji: wengine wameweka vicheko, mmoja ameandika kwamba ndiyo kifo bora kuliko vyote alivyowahi kuona.

"Rudisha. Simamisha linapotupa mikono."

Mkono wa kushoto ulikuwa wazi hewani. Kiganja kilikuwa cha kijani. Inspekta alitoa pazia, akaliinua kando ya kioo. Maua madogo ya njano, yale yale.



"Sini hii ilipigwa Jumapili," Inspekta alisema. "Siku ambayo shahidi pekee alisema hakuna aliyepiga picha. Sasa mama, tupeleke kwenye chenga."

Majina yalipanda yakaisha. Chenga zilianza, zikaunguruma. Dakika mia moja. Mia moja na tano. Mia moja na kumi.

"Hizi si chenga za kanda tupu," Mama Kanda alisema ghafla, akisogea. "Utepe ambao haukurekodiwa hauungurumi hivi. Mtu alikuwa anafuta. Ameweka mashine irekodi hewa tupu juu ya kilichokuwepo."

"Mpaka mwisho?"

"Inategemea uvumilivu wake."

Dakika ya mia moja na kumi na nne picha iliruka, ikatulia.

Ilikuwa ua wa karakana, jua la utosini, kivuli cha lori kikiwa kimejikunja chini ya lori lenyewe. Kamera ilikuwa imewekwa chini, imelala ubavu, bila shaka na mtu aliyekimbia bila kuizima. Jitu lilikuwa chini. Watu wawili walikuwa wamelipigia magoti. Mmoja alivuta zipu, akatoa kichwa cha gunia, uso wa kijana ukatokea. Kiganja cha kijani kilifunguka, kikafumba.

"Dada," Inspekta alisema, "unaweza kungoja nje."

"Nimengoja nje miaka ishirini na tisa."

Sauti ya kwanza ilisema: "Anapumua, bosi. Niite gari?"

Sauti ya pili ilikuwa nzito, haina haraka. "Gari litakuja na polisi. Mvueni nguo hiyo. Mvisheni zake, mlazeni ndani mpaka giza liingie. Baadaye tutajua la kusema."

"Bosi, lakini anapumua."

"Nimesikia. Nani ameacha hiyo inawaka? Zima."

Faili lilifika mwisho, picha ikajizima yenyewe. Mama Kanda alikuwa amevua miwani zote mbili. Dada yake Springi alikaa mikono ikiwa magotini, akaitazama skrini nyeusi kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Giza huingia saa ngapi kwa mtu aliyeanguka mchana?"



Simu ya Inspekta ililia. Ilikuwa ni mkuu wake.

"Umeizima?"

"Hapana, afande. Siizimi."

"Ile ni amri."

"Amri inasema niondoe mali ya wizi. Wizi haupo. Kilichopo ni mtu aliyeachwa afe, na kielelezo cha kifo sikifuti kwa mkono wangu."

"Unajua mlalamikaji ni nani?"

"Ndiyo, afande. Sauti yake nimetoka kuisikia sasa hivi."

"Ukikosea, ni wewe peke yako."

"Nitumie askari wawili, afande. Nikikosea watanirudisha mimi."

*

Bosi Kaseti alifika saa tisa na nusu kwa hiari yake, na wakili wake nyuma, aone kwa macho mitambo ikizimwa. Alikuwa mzee mnene mwenye suti nyepesi na tabasamu la mtu anayepishwa njia. Aliona Inspekta na Mama Kanda tu. Dada yake Springi alikuwa ameketi nyuma ya rafu.

"Inspekta, nimekuja kushuhudia."

"Vizuri. Nina maswali matatu ya kukamilisha jalada. Umeapa kwamba kila picha na kila sauti iliyomo kwenye kanda hii aliyoipandisha mama, mwanzo wa utepe hadi mwisho, ni ya kampuni yako, na wewe ndiye uliyesimamia. Bado ni hivyo?"

Wakili alitaka kusema. Bosi Kaseti alimtuliza kwa mkono. "Kila sekunde ni jasho langu. Huyu mama ni kupe tu."

"Asante. Sini ya kuanguka ilipigwa siku gani?"

"Ijumaa. Siku hiyo hiyo nikamfukuza yule kijana, alikuwa mlevi."

"Jumapili je?"

"Jumapili tulipumzika. Niliwaambia polisi wakati ule."

Inspekta aliandika, akamgeuzia daftari. "Weka sahihi hapo."

Aliweka sahihi. Ndipo Inspekta alipoweka pazia mezani, akamwelezea kiganja, akamkonyezea Mama Kanda jicho. Sauti nzito ikajaa chumbani: *Gari litakuja na polisi.* Bosi Kaseti alisikiliza mpaka neno la mwisho. Tabasamu lilibaki mahali pake kwa muda, kama koti lililosahauliwa kwenye msumari.

"Hiyo si sauti yangu."

"Umeweka sahihi sasa hivi kwamba kila sauti ni ya kampuni yako, chini ya usimamizi wako."

"Ilifutwa," alisema, na wakili akamkamata mkono. "Nilimwambia mpiga picha aifute yote."

"Alichoka dakika sita kabla ya mwisho."

Wakili alifumba macho. Bosi Kaseti alimgeukia Mama Kanda. "Mimi nilimtengenezea filamu. Bila mimi nani angemjua?"

Dada yake Springi alitoka nyuma ya rafu. Hakupaza sauti. "Nani anamjua sasa? Umemfanya mwizi kwa wanaomjua na gunia kwa wasiomjua. Leo nenda wewe ukajulikane."

Askari wawili walikuwa wamefika mlangoni. Inspekta alimsomea mzee haki zake, akamshika kiwiko kwenye ngazi, akamkabidhi kwao. Wakili alishuka nyuma yao akipiga simu ambayo hakuna aliyeipokea. Inspekta alirudi juu, akafunga kanda na pazia kwa lakiri, akaandika saa na tarehe.

Mama Kanda alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya, hasogezi kitu. Maoni yalikuwa yakiendelea kuingia, vicheko juu ya vicheko.

"Dada yangu," alisema, "mimi sijawahi kuondoa filamu kwa kulazimishwa. Lakini hii watu wanaicheka, na wewe ni ndugu. Ukisema niiondoe, naiondoa, na wale watano nitawapigia magoti mmoja mmoja."

Dada yake Springi alivuta kiti, akaketi. Alitazama picha iliyosimama: Jitu likipita kati ya magari, tumbo mbele, likijikuna.

"Hapo anafanya makusudi," alisema. "Huyo ndiye yeye hasa. Alikuwa hawezi kupita mahali bila kuchekesha watu." Alifuta jicho kwa ncha ya kanga, mara moja. "Bosi Kaseti alimficha miaka ishirini na tisa. Mimi nimfiche tena? Iache. Yote, pamoja na paa, pamoja na mwisho. Wacheke anapochekesha, na wakifika kule wajue wanatazama nini."

"Na maelezo yake?"

"Yanasemaje sasa?"

Mama Kanda alisogea chini ya ukurasa, akasoma polepole. "Jitu: mwigizaji hajulikani."

"Futa hilo."

Mama Kanda alifuta. Dada yake Springi alikaa wima, mikono magotini, akalitaja jina la mdogo wake lote, lake, la baba na la babu, herufi baada ya herufi, na Mama Kanda alipokosea moja akamrudisha mwanzo.